Ukifa leo, nani atashika ufunguo wa duka lako?

Leo siongelei bei ya sukari wala namna ya kumkwepa mteja wa "nitakulipa jioni". Leo naongelea kifo. Anayetaka kupita apite, simlaumu. Ila kama umefungua duka sehemu ambayo huna ndugu hata mmoja, naomba usome, maana hili linakuhusu wewe kuliko yule aliyefungua duka mlangoni kwa baba yake.

Mimi duka langu liko Kiriba, Musoma Vijijini, mkoa wa Mara. Ni duka la kawaida tu: unga, mchele, sabuni, soda, gesi, uwakala wa pesa za simu, na vifaa vidogo vidogo vya wavuvi. Kwetu ni Kasulu, Kigoma. Nilimaliza kidato cha nne nikaja huku kumuuzia mtu duka, yeye akahama, mimi nikabaki. Nina miaka 27 na mtoto wa miaka minne. Kutoka kwetu mpaka hapa ni basi la kutwa nzima mpaka Mwanza, unalala, kesho yake Magu, Lamadi, Bunda, Musoma, halafu unatafuta gari la kuja huku upande wa Majita. Ndugu yangu akipigiwa simu sasa hivi kwamba sipo tena duniani, mapema sana ni kesho kutwa, na hapo nauli awe nayo mfukoni.

Sasa jiulize, hizo siku mbili tatu duka liko mikononi mwa nani?

Maoni yangu nayasema mapema ili anayebisha abishe vizuri. Mwenye duka anayeishi mbali na kwao achague msimamizi wa mirathi anayeweza kufika dukani siku hiyo hiyo, hata kama si ndugu. Ndugu awepo, ila awe wa pili, pembeni yake. Najua kwetu wengi hili linasikika kama kuwakataa watu wa ukoo. Siyo kuwakataa. Ni kuangalia ramani.

Kwanza tuelewane maneno. Msimamizi wa mirathi ni mtu anayekusanya mali za marehemu na madeni anayodai, analipa anayodaiwa, halafu kinachobaki anawagawia warithi. Ukimtaja mwenyewe kwenye wosia anaitwa mtekelezaji wa wosia, Waislamu wanamwita wasii. Kazi ni ile ile. Na kumtaja peke yake hakutoshi, lazima mahakama imthibitishe. Msimamizi si mrithi. Watu wanachanganya sana hapa, unakuta mtu ameteuliwa kusimamia, anahamia kwenye nyumba ya marehemu na kuoa humo humo. Hapana. Yeye ni kama mfanyakazi wa kuhesabu na kukabidhi.

Usipoandika kitu, kinachofuata ni mila. Sheria za mila za urithi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinasema msimamizi kwa kawaida ni kaka mkubwa wa marehemu au baba yake, na wasipokuwepo ndugu mwingine wa kiume anayechaguliwa na baraza la ukoo. Siku hizi mahakama zinateua wanawake, wajane na mabinti, bila shida, ila kikao cha ukoo bado ndicho kinachopendekeza jina. Na kikao cha ukoo wangu kitakaa Kasulu. Watamchagua baba mkubwa, mtu mwema kabisa, ambaye hajawahi kuliona Ziwa Victoria upande huu na hajui kama duka langu linaangalia barabara au mwalo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka wamekwama. Kwa Mahakama ya Mwanzo, mirathi inafunguliwa kwenye mahakama ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi yake wakati anafariki. Siyo alikozaliwa wala alikozikwa. Mimi naishi Kiriba, kwa hiyo mirathi yangu ni ya huku, Musoma. Baba mkubwa atakaa kikao Kasulu, atapewa muhtasari, atapanda basi kuja huku kuomba usimamizi, mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, atarudi tena tarehe ya kusikilizwa, na akishateuliwa atarudi tena kukusanya na kugawa. Kila safari ni nauli, kulala na kula. Hela hiyo itatoka wapi? Itatoka kwenye unga na sabuni za mtoto wangu.

Haya siyo ya kufikirika. Kulikuwa na jamaa alikuwa na duka karibu na mwalo, tulimwita Mangi ingawa hakuwa Mchaga. Alitoka mkoa wa mbali, hakuwa na mke huku. Aliugua siku chache akafariki. Viongozi wa kitongoji walifanya vizuri, waliweka kufuli la pili mlangoni mbele ya mashahidi. Ndugu walifika siku ya nne, wakachukua mwili, wakaenda kuzika kwao. Baada ya hapo kimya. Walifungua mirathi kwao, wakaja kuambiwa ilitakiwa ifunguliwe huku alikokuwa anaishi, wakaanza upya. Mwezi wa tano ndio akaja mdogo wake na barua ya mahakama. Kufungua duka, panya walishamaliza kazi. Unga umeota wadudu, mafuta yamevuja, mwenye fremu anadai kodi ya miezi mitano, na friji wanalotaka kulipakia siyo la marehemu, ni la kampuni ya soda. Walivunja urafiki na watu wengi siku ile kwa sababu ya friji ambalo halikuwa lao.

Ila kilichoniuma zaidi ni madeni. Waliokuwa wanadaiwa na Mangi waliyeyuka, waliokuwa wanamdai wakaongezeka. Wengine walileta madai bila hata karatasi. Na mdogo wake alikuja wakati mbaya kabisa. Ngoja niwaeleze wa mbali. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, na wakipumzika wanakula kwa mkopo madukani. Giza likirudi, wanavua, wanauza, wanalipa. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo sehemu kubwa ya mtaji wetu haipo kwenye shelfu, ipo kwenye daftari. Huyu kijana alikuja mbalamwezi. Kila aliyemfuata alimwambia "sina, subiri giza". Yeye akaona ni wezi watupu, akatukana watu, akauza daftari na vilivyobaki kwa bei ya kutupa, akaondoka. Angekuwa mtu wa hapa angesubiri siku kumi tu.

Kwa hiyo nikisema msimamizi awe karibu, sina maana ya umbali wa kilomita peke yake. Nina maana anayejua biashara ya mahali hapo inavyopumua.

Sasa nani? Hapa ndipo nilikaa muda mrefu na kalamu mkononi. Nitawaambia niliowakata na sababu zangu, wewe utaona wa kwako.

Watumishi nimewakata wote. Mtendaji wa kijiji ni mtu mzuri, mwalimu ni mtu mzuri, mchungaji ni mtu mzuri, ila wote hao wanahamishwa. Leo yuko Kiriba, mwakani yuko Tunduru. Wavuvi nao wanafuata samaki, leo yuko Bwai, kesho kisiwa cha Rukuba. Tajiri wangu wa jumla wa Musoma mjini nilimfikiria kwa sababu anajua hesabu zangu zote. Nikamkata kwa sababu hiyo hiyo: mimi huwa nadaiwa naye. Mtu anayekudai akisimamia mali yako atajilipa wa kwanza, na hakuna wa kumuuliza kama ni sahihi. Binti anayenisaidia kuuza ni mwaminifu, ila ana miaka 19 na akiwekwa mbele ya baba zangu wadogo wanne wenye hasira hataweza kusema hapana. Kuwa mwaminifu ni kitu kimoja, kuwa na kifua ni kingine.

Mchumba. Hapa najua nitachokoza watu. Kama mmeoana, mwenzi wako anayeishi na wewe hapo hapo mara nyingi ndiye wa kwanza kufikiriwa, na ana haki zake. Lakini mchumba wa miezi minane ambaye kwenu hawajamwona, ukimweka msimamizi, umempa kesi. Ndugu zako watamwona mwizi kabla hajagusa hata kiberiti.

Sheria yenyewe inatusaidia kuchagua, kama tukiisoma vizuri. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kuteua mtu mwenye maslahi kwenye mirathi, yaani ndugu na warithi, na pia inaweza, ikiona inafaa kulinda mali, kuteua ofisa wa mahakama au mtu mwenye sifa njema, asiyeegemea upande, anayeweza na aliye tayari kufanya hiyo kazi. Ateuliwe badala ya ndugu au pamoja naye. Mimi niliposikia hili kwa msaidizi wa kisheria nilirudia mara tatu. Sifa njema. Haegemei upande. Anaweza. Yuko tayari. Hivyo vinne nimevifanya kipimo changu. Na hilo la "pamoja naye" ndilo lililonipa wazo la watu wawili.

Wa kwanza wangu ni mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, jirani na duka. Ana nyumba yake hapa, wajukuu wake wako hapa, hahami. Simdai, hanidai. Kijiji kizima kinajua kwamba ukisahau debe la mahindi kwake utalikuta. Na ana mdomo, mtu mzima akikosea anamwambia. Wa pili ni kaka yangu wa Kasulu, ambaye ukoo utamsikiliza. Mama wa mashine anahesabu na kukusanya, kaka anashuhudia na kupeleka kwa familia. Hakuna anayeweza kuuza kitu bila mwenzake kujua. Hivyo ndivyo nilivyoandika.

Nilipomfuata alicheka, halafu akanyamaza. "Mwanangu, unaumwa?" Nikamwambia hapana mama, niko mzima. Akasema, "Sasa mimi nitajuaje unachodaiwa na usichodaiwa? Watakuja watu hapa waniambie ulikopa milioni, nitawajibu nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza mwenyewe. Unaweza kuchagua malaika awe msimamizi, kama hesabu zako ziko kichwani mwako, zitazikwa na wewe. Kwa hiyo nikanunua daftari gumu, mbali na lile la kukopesha. Humo nimeandika ninaowadai wakubwa, yaani zaidi ya elfu hamsini, wenye saini zao. Wanaonidai na karatasi zao ziko wapi. Kiwanja changu kidogo na hati ya mauziano iliyopigwa muhuri serikali ya kijiji. Namba za akaunti na laini za simu, majina ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Na ukurasa ambao naona wengi wataucheka: vitu vilivyomo dukani ambavyo SI vyangu. Friji ni la kampuni. Kreti tupu kumi na mbili nimeazima. Meza ya nje ni ya mwenye fremu. Cherehani iliyoko kona ni ya mteja aliyeiweka rehani. Msimamizi akiwa na ukurasa huo, hagombani na mtu.

Namba za siri sijaandika na nawaomba msiandike. Mtu akitoa hela kwenye simu ya marehemu kwa namba ya siri, hata kama nia yake ni kununua jeneza, amejiweka pabaya. Hela za kwenye simu na benki zifuatwe kwa barua ya mahakama inayomtambua msimamizi. Inachukua muda ndiyo, ila haimpeleki mtu polisi.

Tena kuna hili. Kwenye SACCOS na vikundi tunajaza fomu ya jina la mrithi, na wengi tunadhani ndiyo tumemaliza. Lile jina ni la hela za pale tu. Halimpi mtu uwezo wa kufungua duka lako wala kuuza kiwanja. Nenda kaangalie umeandika nani, kuna mtu hapa Kiriba fomu yake bado ina jina la mume aliyeachana naye zamani.

Turudi kwenye karatasi yenyewe. Chaguo lote hili halina nguvu kama wosia haujakaa sawa. Kwa sheria za mila zile za 1963, wosia wa maandishi unaandikwa kwa wino usiofutika, siyo penseli, una tarehe, saini yako, na mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, waliokuwepo wote kwa pamoja. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi angalau wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje ya ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao unatambulika, kwa mashahidi wanne vile vile, ila kwa mtu wa mbali na kwao utapata wapi watu wawili wa ukoo kitandani usiku wa manane?

Hapo kwenye shahidi wa ukoo ndipo sisi wa mbali tunapokwama, na ndipo wengi wanaposema basi nitaweka marafiki wote wawili. Usifanye hivyo. Mimi nilisubiri miezi saba mpaka dada yangu alipokuja kunitembelea Krismasi, tukakaa siku moja, tukasaini. Shahidi wa pili ni fundi baiskeli wa jirani. Wote wawili hawapati kitu kwenye wosia, na hiyo nimefanya makusudi. Wewe ukienda nyumbani likizo, beba karatasi yako. Ni siku moja tu.

Na usidhani haya ni ya maskini tu. Marehemu Reginald Mengi wa IPP alifariki tarehe 2 Mei 2019 akiwa Dubai, na aliacha wosia wa mwaka 2017 uliotaja watu wa kuutekeleza. Familia ikapinga, wakabishana kuhusu afya yake wakati wa kuuandika na kuhusu watoto kunyimwa, na Mei 2021 Mahakama Kuu Dar es Salaam ikaubatilisha. Wale waliotajwa hawakuusimamia. Yule alikuwa na mawakili. Sisi wenye shelfu nne tunataka tuandike nyuma ya kalenda.

Kunyima mtu urithi nako kuna masharti, huwezi tu kuruka jina la mtoto kwa hasira bila sababu inayokubalika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki kutoka kwenye mali ya mzazi wake. Na kwa Waislamu wosia hauvuki theluthi moja ya mali, zilizobaki zina wenyewe. Mimi sina ugomvi na mtu, kila kitu ni cha mwanangu, na kiasi kidogo kwa mama yangu. Ila nimetenganisha mlezi na msimamizi. Mtoto nimependekeza alelewe na dada, hela zisimamiwe na wale wawili. Anayemlisha mtoto akiwa ndiye huyo huyo mwenye funguo za hela, hata mtu mwema anaweza kuanza kukopa kidogo kidogo.

Kama huna kabisa mtu wa kumwamini, wapo watu wa namna hiyo na siyo dhambi, kuna RITA. Ile ofisi ya vyeti vya kuzaliwa. Wanaandika na kutunza wosia, na mkuu wake ndiye Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye kwa sheria anaweza kusimamia mirathi. Maoni yangu, kwa duka dogo la kijijini, RITA ni pazuri kutunzia wosia. Kusimamia, bado naona mtu aliye hatua mia kutoka mlangoni atafanya haraka zaidi. Lakini kati ya RITA na kuacha bila mtu, usifikirie mara mbili.

Msijali sana kuhusu sheria ngumu. Mahakama ya Mwanzo ni ya mirathi inayofuata mila au ya Kiislamu, nyingine zinaenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Hujui wewe uko wapi, kamuulize karani wa mahakama au msaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na sheria tangu 2017. Ile Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo inasikiliza habari za mirathi bure, ikifika kwenu nenda na maswali yako yameandikwa.

Msimamizi naye umlinde. Mwambie mapema kwamba akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, ile Fomu namba 5, na akimaliza kugawa anapeleka hesabu, Fomu namba 6. Asipotimiza, mahakama inaweza kumwondoa. Mama wa mashine nilipomwambia hivyo alitaka kughairi. Tukakaa tena, tukaijaza fomu kwa mfano, kwa kutumia lile daftari langu. Ilichukua jioni moja, na akasema kumbe ni kama hesabu za kikoba. Gharama zake nimeandika zitoke kwenye mauzo ya duka kabla ya kugawa, pamoja na ahsante yake. Mtu asifanye kazi ya miezi sita kwa nauli yake mwenyewe eti kwa sababu alikuwa rafiki yako.

Nimeandika pia duka lisiendelezwe. Liuzwe lote kwa mtu mmoja ndani ya siku 60 tangu msimamizi ateuliwe, na daftari la wavuvi likusanywe kipindi cha giza. Najua wengine mtasema biashara ya mama ibaki iwe kumbukumbu ya mtoto. Mtoto wa miaka minne anahitaji ada, siyo shelfu.

Mama yangu nilipomwambia kwenye simu alisema najichuria. Alikata. Baada ya wiki akapiga mwenyewe akauliza, "Huyo mama wa mashine anaitwa nani, na namba yake ni ipi?" Sasa hivi wanasalimiana bila kupitia kwangu.

Wosia halisi nimeuhifadhi nje ya nyumba yangu, nakala moja iko kwa kaka na nyingine kwa mama wa mashine, kwenye bahasha iliyofungwa. Ufunguo wa akiba wa duka anao yeye, na mwenyekiti wa kitongoji anajua kwamba anao. Daftari nalipitia kila Januari nikihesabu mzigo. Mwaka huu nimefuta watu watatu waliomaliza kulipa, nimeongeza mtungi mmoja wa gesi, na ile cherehani mwenyewe ameshaikomboa.